Blanketi la Mashati ya Marehemu

Katika barua za kuomba kazi, sisi watu wa Nairobi tuna hobi tatu: kusoma, kusafiri na kupata marafiki. Nimewahi kuziandika zote tatu na hakuna aliyeniuliza swali. Maswali yalianza nilipopata hobi ya kweli.

Nashona mablanketi ya viraka. Nakata vitambaa kuwa vipande vya mraba, naviunganisha kimoja kimoja hadi vitoshe kitanda, kisha naweka kitu cha joto katikati na shuka upande wa nyuma. Siuzi. Hilo ndilo linalowashinda majirani zangu wa mtaa wa Gatina. Ploti yetu ina gorofa nne, mimi nakaa ya tatu, na katika korido yetu hakuna mtu anayefanya jambo lolote kwa mikono yake bila kuwa na mteja. Yupo anayesuka nywele, yupo anayetengeneza simu, yupo anayeoka keki za harusi ndani ya sufuria. Mtu akikuona umeinamia kitambaa jioni hii na jioni ile, maswali huja kwa mpangilio uleule.

"Unauza?"

"Siuzi."

"Ni ya watoto mayatima?"

"Hapana."

"Ya kanisa, basi."

"Ni yangu tu. Napenda."

Hapo mtu hukutazama kwa upole, kama amesikia una ugonjwa wa sukari.

Mamangu alipopata habari, alinipigia simu. Yeye alitulea kwa viraka. Sare yangu ya shule ya msingi ilikuwa na viraka viwili nyuma vilivyonifuata darasa hadi darasa. "Yaani mimi nilishona viraka ndiyo msitembee uchi," akasema, "na wewe umesoma, una kazi, unakata nguo nzima ndiyo upate viraka?" Nilijaribu kumweleza habari ya rangi. Akaniambia niende nimwone mchungaji.

Lazima niseme pia kwamba sikuwa mtu wa kumaliza. Kuunganisha uso wa blanketi ni raha tupu: unapanga rangi, unahamisha kipande hiki pale, unarudi nyuma unatazama. Kumalizia ni adhabu. Lazima utandaze tabaka zote tatu sakafuni, zilale sawa bila mkunjo, uzibane kwa pini, uzishone pamoja kutoka katikati kwenda nje, na mwisho uzungushe ukingo, yaani utepe wa kitambaa unaofunga ncha zote ili kazi isifumuke. Katika chumba kimoja cha Gatina, sakafu ya kutandaza haipo. Ili nipate nafasi, inabidi nisimamishe kitanda ukutani na kutoa meko, meza na ndoo za maji kwenye korido. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, msimamizi wa ploti alipanda ngazi mbio akaniuliza kwa heshima kama nahama, na kama landilodi anajua.

Basi chini ya kitanda nilikuwa na nyuso nne za mablanketi, zimekunjwa vizuri, zikingoja. Korido nzima ilizijua. Msusi wa mlango wa kwanza alikuwa akiniuliza kila Jumapili, "Imeisha?" nami nikajibu "Inakaribia," hata ikafika mahali akawa ananisalimia hivyo: "Sasa, Madam Inakaribia."

Jirani ninayepakana naye ukuta hakuwa mtu wa mizaha hiyo. Yeye huuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga za sukuma chini kabisa, pale boda boda zinapoegesha, na huondoka kabla sijaamka. Mume wake alikuwa fundi wa mawe. Alikufa wakati wa mvua ya masika, kwa kifua, wakampeleka kwao Magharibi wakamzika. Jirani alirudi akiwa amenyoa kichwa, akatandika gunia lake la omena palepale lilipokuwa, akaendelea.

Wiki chache baadaye alibisha kwangu jioni, amebeba mfuko mkubwa wa plastiki uliokunjwa mdomo.

"Jirani, wewe si unakatanga nguo?"

"Nakata vipande. Vile vinabaki kwa mafundi."

"Nataka unikatie hizi." Akaumimina mfuko kitandani. Yalikuwa mashati ya mwanamume, yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa kama yanayosubiri safari. "Zote. Unifanyie blanketi."

Niliyatambua mawili au matatu. Nilikuwa nimeyaona yakipita mlangoni kwangu kila Jumapili kwa miaka.

Kwa watu wa mume wake, mtu akishazikwa na matanga yakiisha, hupangwa siku ya kugawa nguo zake. Kila ukoo una utaratibu wake. Kwao anayechagua kwanza ni mpwa, mtoto wa dada ya marehemu, kisha ndugu zake, kisha rafiki aliyefanya naye kazi. Sikuona ubaya wowote. Ni njia ya kumwachilia mtu aende, na pia, kusema ukweli, shati zuri ni shati zuri. Lakini yeye alipokufa nguo zake zilikuwa huku Nairobi, kwa hivyo siku hiyo iliahirishwa, na kaka yake mkubwa akasema atakuja mwenyewe kuzichukua mwisho wa Julai.

"Sasa kama wanazitaka," nikamwambia, "nikizikata itakuwaje?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Baba yangu alipokufa nilikuwa bado msichana. Wakagawa nguo zake. Basi naenda kisimani naona mgongo wake uko mbele yangu njiani. Naweka mtungi chini nakimbia. Akigeuka ni fundi wa baiskeli. Kesho naona mgongo wake sokoni. Akigeuka ni mwingine. Nilikimbia hivyo mwaka mzima, jirani. Nilikuwa najua amekufa na bado nakimbia."

Nilishika shati la juu, nikaligeuza, nikatazama mgongo wake.

"Na kule ilikuwa kijiji. Mimi hapa nakaa barabarani kutoka asubuhi mpaka jioni. Mpwa wake ako Kibera, anapitanga hapa akienda mjengo. Ndugu yake ako hapo mtaa wa Satellite. Rafiki yake wa kazi anakulanga pale kwa kibanda, mbele ya omena yangu. Hao wote watanipitia na hizo shati. Nitauza saa ngapi?"

"Na wakikuuliza ziko wapi?"

"Nitawaonyesha. Mimi siibi. Nitawaambia ni hii."

Nilimkumbusha kwamba mimi si mtu wa kumaliza vitu.

"Najua," akasema. "Kila mtu anajua. Ndiyo nimekuja mapema."

Kukata shati la mtu uliyemjua ni kazi ngeni. Vipande vya mafundi havina historia. Vinatoka kwenye jora, vimebaki kwenye mkasi wa mtu mwingine. Hapa kulikuwa na kola zilizoshika umbo la shingo, na mkono mmoja uliokuwa na tone la saruji ambalo hakuna sabuni ingelitoa. Kazi inayonilipa ni kuandikia redio ndogo ya mtaa habari, kwa hivyo nilifanya ninachojua: niliuliza. Hili la mistari ya bluu? La kanisani. Hili la miraba ya kijani? Alilipata wakijenga gorofa Kileleshwa, mwenye nyumba alihama akawaachia nguo. Na hili jeupe zito, lenye vidoa vidogo kama mtama, ambalo halikuonekana kuvaliwa sana?

"Hiyo ndiyo alivaa akija kwetu kuniposa," akasema. "Alisema ilimgharimu sana. Baada ya hapo alikuwa anaivaa Krismasi peke yake."

Nilipochukua mkasi alitoka akasimama kwenye korido, akitazama chini kama anayehesabu boda boda. Baadaye akaingiza kichwa.

"Umekata?"

"Moja."

"Kata zote. Ukiacha moja watakuja kugawa hiyo moja."

Uso ulikamilika haraka kuliko wowote niliowahi kuunganisha, na sina budi kukiri kwamba niliufurahia kuliko inavyofaa mtu kufurahia msiba wa jirani. Fundi wa mawe alikuwa na ladha nzuri. Bluu zake zilisikilizana, kijani kilikaa kati yake bila ugomvi, na vile vipande vyeupe nilivitawanya kama madirisha. Katikati niliweka blanketi kuukuu lililokuwa laini kwa kufuliwa, nyuma shuka la kahawia nililochagua katika soko la Toi. Ikabaki kumalizia.

Mashini yangu ya kushonea ni ndogo, ya kuzungusha kwa mkono, na haiwezi kupita tabaka tatu. Kwa hivyo nilibeba mzigo wote hadi Kibera, kwa fundi anayenipa vipande kila Jumamosi. Ana kibanda karibu na reli na mashini nzito anayoshonea vifuniko vya sofa. Ni mtu mkarimu na mwepesi wa maneno.

"Niaje, madam. Leo umeleta kitu imekamilika? Mbona sijaona mvua ya mawe?"

"Haijakamilika. Nataka uipitishe kwa mashini yako."

Akaitandaza mezani, akaipapasa. "Hii ni poa. Hizi ni shati, ama?"

"Ni shati."

"Za nani?"

Ningeweza kusema za mitumba na mambo yakaisha. "Za mume wa jirani. Alikufa."

Akaondoa mikono kama aliyegusa pasi. "Aii, madam. Hapa watu wanaleta nguo za harusi. Siwezi weka marehemu kwa mashini."

Nilimwonyesha rundo lililokuwa nyuma yake, suruali za mitumba alizokuwa akizipunguza kiuno. "Na hizi? Wenyewe wako wapi?"

"Hao hatuwajui."

"Huoni wengine watakuwa wamekufa?"

"Marehemu usiyemjua si marehemu," akasema. "Ni stoki."

Mteja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri suruali yake alitikisa kichwa kukubali. Nikaanza kukunja mzigo wangu. Lakini fundi hakuniacha hivihivi. Alinipa sindano nene ya kushonea magodoro na uzi mgumu, na akanionyesha, kwa kitambaa kingine, jinsi ya kuchoma kwenda chini na kurudi juu bila kuvuta tabaka la kati. Alinionyesha mara nyingi, huku amekaa mbali na mzigo wangu kiasi cha kutosha.

Ndipo nikarudi Gatina, nikasimamisha kitanda ukutani, nikatoa meko kwenye korido, na msimamizi akapanda ngazi.

Kwa wiki kadhaa tulishona jioni. Jirani alikuja akitoka barabarani, mikono yake ikinuka omena hata baada ya sabuni, akashika upande mmoja ukakaza nami nikachoma. Hatukuzungumza sana. Majirani walipita wakichungulia, kwa sababu mlango ilibidi uwe wazi. Miguu yetu haikutosha ndani.

"Madam Inakaribia," msusi akasema, "hiyo mtajifunika mwaka gani?"

"Wewe suka," jirani akamjibu bila kuinua kichwa.

Kaka wa marehemu alikuja katikati ya Julai, kabla ya siku aliyosema. Alikuwa amepata nafasi kwenye gari la jamaa anayeleta ndizi, na mtu mzima hakatai usafiri wa bure kwa sababu ya tarehe. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nimeanza ukingo. Jirani alibisha kwa vidole.

"Amefika."

"Nani?"

"Mzee. Amekaa kwangu. Imefika wapi?"

Nikamwonyesha. Pande tatu zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa bluu. Wa nne ulikuwa wazi, tabaka zote tatu zikionekana kama mkate uliokatwa, nyuzi zikining'inia. Aliutazama upande huo kwa muda.

"Wacha nimpikie chai," akasema.

Niliitwa baada ya kitambo kidogo. Mzee alikuwa ameketi kwenye sofa yenye vitambaa vya kufuma, amevaa koti zito, kofia yake imelala juu ya goti. Sanduku la marehemu lilikuwa wazi mbele yake. Alinisalimia kwa mkono, akaniuliza kwetu ni wapi, akaniuliza kama huko kumenyesha. Kisha akarudi kwenye sanduku.

"Bibi yetu, suruali nimeziona. Koti nimeiona. Viatu nimeviona. Shati?"

"Ziko kwa jirani," akasema.

Mzee akanigeukia. Hakukuwa na njia nyingine. Nilikwenda nikaleta blanketi, nikamwekea magotini.

Alilifunua polepole. Alilisoma kama gazeti, kutoka juu kushuka, kidole kikisimama hapa na pale. "Hii ya kanisa," akasema. "Hii alikuja nayo matanga ya mama." Kidole kikashuka, kikafika kwenye kipande cheupe chenye vidoa vya mtama. Kikakaa hapo.

"Hii yangu."

"Hiyo si yako, Mzee," jirani akasema. "Hiyo ndiyo alivaa akikuja kwetu."

"Ndiyo. Nilimwazima. Alikuwa anaenda kuposa na hakuwa na shati ya mtu wa kuposa."

"Aliniambia alinunua. Alisema ilimgharimu."

"Ilimgharimu. Alikataa kurudisha, tukakosana miaka miwili." Akaligeuza blanketi akatafuta kipande kingine cheupe, akakipata, akatafuta kingine. "Na umeikatakata vizuri. Sasa hata nikitaka siwezi."

Niliona ni adabu kutazama sakafu. Jirani alimimina chai. Aliimimina hadi ukingoni mwa kikombe, na yeye ni mtu asiyemwaga.

"Hii ni nini?" mzee akauliza.

"Ni blanketi."

"Blanketi." Alisogeza kikombe kando. "Kwetu nguo zinagawanywa. Matandiko hayagawanywi. Kitanda cha mtu na kitu alikuwa anajifunika ni ya bibi aliyemwoa. Mwanaume hawezi ingia kwa nyumba ya ndugu yake abebe blanketi. Hata mlevi wa kijiji anajua hiyo."

"Basi," jirani akasema.

"Basi, kama ni blanketi." Alianza kuzungusha ncha mikononi. "Huu umefungwa. Huu umefungwa. Huu umefungwa." Akafika upande wa nne. Akashika uzi mmoja uliokuwa ukining'inia, akauvuta kidogo, nao ukamfuata kwa utii. "Huu?"

"Huo bado," nikasema.

"Bado. Sasa hii ukivuta hapa, inafumuka yote, inarudi kuwa shati. Na shati nimetumwa nipeleke." Akaliinua blanketi kutoka magotini, akanipa, upande ule ulio wazi ukinielekea. "Mpwa ananingoja Kibera. Nikimaliza chai naenda."

Kwa muda nilidhani hiyo ilikuwa hukumu. Jirani ndiye aliyenisukuma kwa kiwiko, akinionyesha kikombe kilichojaa. Nilikimbia kuleta sindano.

Sijawahi kushona mbele ya hadhira ya namna ile. Nilikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, nikakunja utepe juu ya tabaka tatu, nikachoma. Upande wa nne ulikuwa mrefu kuliko nilivyoukumbuka. Nilijichoma kidole mapema, nikajifunga kwa kipande cha utepe nikaendelea, maana damu kwenye kipande cheupe ingeleta kesi nyingine. Mzee alichukua kikombe, akanywa funda la ndege, akakirudisha. Jirani akakijaza. Mzee akasema mkate ni mzuri, wameuoka wapi? Akaelezwa. Akauliza kuhusu bei ya omena, na kwa nini omena ya Nairobi ni ndogo kuliko ya kwao, na jirani, ambaye siku zote hujibu wateja kwa maneno matatu, akampa historia ya omena kutoka ziwani hadi Gatina. Mzee akasikiliza yote.

Nilipofika kona ya kwanza niliinua macho. Kona ndiyo sehemu ngumu. Utepe lazima ukunjwe uwe na ncha safi, na mimi kwa kawaida hufika hapo nikakumbuka kwamba nina shughuli nyingine. Mzee alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili na alikuwa anakipuliza. Chai ile ilikuwa imepoa zamani. Utando wa maziwa ulikuwa umeganda juu. Aliipuliza kwa subira, akionja kwa ncha ya mdomo na kukirudisha kikombe mezani kama mtu aliyeungua.

"Hii chai yenu ina moto," akasema.

"Pole, Mzee," jirani akajibu. "Ngoja ipoe."

Nikainamisha kichwa nikashona.

Nilipofunga fundo la mwisho na kukata uzi kwa meno, mzee alimaliza kikombe kizima kwa mkupuo mmoja. Alilichukua blanketi, akazivuta kona zote nne moja baada ya nyingine, kwa nguvu, kama mtu anayepima kamba ya ng'ombe. Hakuna kilichofumuka.

"Hii ni blanketi," akasema, akampa jirani. Akafunga sanduku. "Mpwa atachukua koti. Hao wengine watagawana suruali. Nitawaambia shati hazikuwako."

Jirani ni mama wa kanisa. "Hiyo haitakuwa uongo, Mzee?"

"Ziko?"

Jirani akatazama chumbani. "Haziko."

"Basi."

Nilikuwa mtu mwenye furaha kwa muda wa kama kuosha kikombe. Mzee alisimama, akavaa kofia, akaomba maombi mafupi, akashika sanduku. Huko nje Julai ilikuwa kwenye kazi yake, ile baridi ya Nairobi inayopita chini ya mlango. Jirani akauliza huko Kibera atalalia nini.

"Huyo kijana ana blanketi moja. Tutavutana."

Niliuona uso wa jirani ukibadilika, nikajua kinachokuja, na sikuwa na la kufanya. Alikunja blanketi la mashati ya mumewe mara mbili, mara nne, akalifunga kwa leso, akamwekea mzee chini ya kwapa.

"Mzee hawezi lala baridi na mimi niko. Utaniletea."

Mzee hakukataa. Watu wa heshima hawakatai. Tulisimama kwenye korido tukamtazama akishuka ngazi, sanduku mkono huu, blanketi mkono ule. Kila kitu cha marehemu kilikuwa kinatoka kwenye ploti kwa pamoja.

"Si ungempa ile yako ya kawaida?" nikauliza.

"Ile imechakaa. Mgeni hapewi kitu imechakaa."

Nililala na kidole kikiniuma. Lakini mwanzoni mwa wiki mpwa alilirudisha, limefuliwa, limekunjwa, pamoja na salamu kwamba mzee alilala mpaka jua likamkuta. Nilidhani sasa jirani atajifunika. Hakujifunika. Aliliweka ndani ya sanduku lake la bati, juu kabisa, pamoja na vikombe vya maua na kitambaa cha meza. Yeye mwenyewe aliendelea na lile la zamani lenye tundu.

"Hiyo ni ya wageni," akanieleza, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Na wageni hawaishi. Mpwa alipotembelewa na mama yake, alikuja Gatina akaliazima. Ndugu wa Satellite alipotembelewa na wakwe, alituma mtu. Rafiki wa kazi, yule anayekula kwenye kibanda mbele ya omena, mtoto wake alipotoka hospitali, jirani alimpelekea mwenyewe bila kuombwa. Kila mmoja wao ameshapita na lile blanketi mbele ya biashara yake, amelibeba begani, rangi zote zikionekana.

Juzi nilimkuta jirani barabarani akichambua omena. Kijana wa Kibera alikuwa ndiyo kwanza amevuka na mzigo, anakwenda nao tena. Nilimuuliza jirani kama haimsumbui kuona mashati yale yakimpita.

Alimtazama kijana hadi akapotea nyuma ya boda boda, kisha akarudi kwenye ungo wake, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Si atarudisha," akasema.